Mashine ya Mtumba na Majina Sita

Saa nne na robo asubuhi, umeme unakatika Masumbwe. Karasha za kusaga mawe ya dhahabu, ambazo tangu alfajiri zimekuwa zikitikisa madirisha ya mtaa mzima, zinazunguka kwa kusuasua, kisha zinanyamaza. Nje watu wanaguna. Kinyozi wa jirani anatoka barazani na mteja aliyenyolewa upande mmoja wa kichwa.

Ndani ya nyumba ya matofali ya kuchoma, Paskalina Mihayo (44) anaweka chini shati aliloanza kulitia vifungo. Anasimama, anafunga dirisha, kisha anainama chini ya meza na kuunganisha nyaya mbili kwenye betri ya gari.

"Haya Mzee, tumepewa nafasi," anasema. "Tuanze kabla hawajarudisha."

Juu ya meza, kando ya cherehani, kuna kompyuta mpakato na kisanduku cha chuma cha rangi ya kijivu kilichochubuka pembe zote nne. Taa moja nyekundu inawaka. Mbele yake, kwenye kiti cha mbao, ameketi Mzee Donatus Maganga (67), mikono juu ya magoti, mdomo karibu kabisa na maiki iliyovishwa soksi ya mtoto.

Mzee anaimba. Aliyesimama mlangoni hasikii neno. Anachoona ni midomo inayocheza na mabega yanayopanda kila baada ya maneno matatu au manne. Lakini Paskalina, aliyevaa hedifoni, anasikia kila kitu. Anazungusha kitufe cha kisanduku kile kwa vidole viwili, anasikiliza, anarudisha kidogo nyuma, kisha anainua mkono. Endelea.

Kisanduku hicho kinaitwa priampu. Kazi yake ni kupokea sauti inayotoka kwenye maiki, ambayo huwa hafifu mno, na kuipa nguvu kabla haijaingia kwenye kompyuta. Ikiwa nzuri, hata mnong'ono unafika. Ikiwa mbovu, inakuza mnong'ono pamoja na makelele yake yenyewe. Ya Paskalina ni ya mtumba, umri wake unakaribia miaka thelathini, na ni ya tatu kununua. Ya kwanza haikufaa. Ya pili aliiunguza.

"Watu wanadhani nimependa mitambo," anasema baada ya kuvua hedifoni, umeme ukiwa umerudi na karasha zimeanza tena. "Mimi ni fundi cherehani. Mitambo nimeifuata kwa sababu ya huyu mzee, na mzee nimemfuata kwa sababu ya kaka yangu."

Kaka huyo aliitwa Marcelino.

Paskalina alizaliwa Songwa, wilayani Kishapu, katika familia ya wakulima wa pamba na mtama. Akiwa na miaka 23 alimfuata Marcelino huku Masumbwe, ambako kaka huyo alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu. Ni yeye aliyembebea cherehani ya kwanza kwenye baiskeli kutoka stendi, na ndiye aliyemjengea kibanda cha mabati sokoni.

Miaka kumi na sita iliyopita, asubuhi moja ya mwezi Machi, mvua ikiwa imenyesha siku nne mfululizo, ukuta wa duara alimokuwa akichimba Marcelino ulishuka. Duara ndilo jina wanalolipa wachimbaji shimo lao la dhahabu. Watu walichimbua kwa majembe na mikono siku mbili. Mwili wa nne ulipotolewa, mwenye duara alitangaza kwamba kazi imekwisha.

Waliobaki wawili, alisema, hawakuwa kazini siku hiyo. Marcelino alikuwa amesafiri kwenda Chunya. Mwenzake, Nestory, alikuwa amekimbia na mwanamke. Shimo likafukiwa, na majina manne yakaandikwa kwenye orodha iliyopelekwa ofisi ya kijiji.

"Kaka yangu alikunywa uji kwangu asubuhi ile," anasema Paskalina. "Aliacha nusu kikombe akaniambia nisikioshe, atarudi saa saba amalizie. Chunya gani ya kwenda na uji nusu kikombe?"

Mtu mmoja tu alisema hadharani kwamba walikuwa sita. Huyo ni Donatus Maganga, wakati huo mchimbaji mwenye kifua kipana na sauti iliyokuwa ikisikika kutoka kilima kimoja hadi kingine. Wenzake walimwita manju, yaani kiongozi wa nyimbo, kwa kuwa ndiye aliyewaimbia wakati wa kuvuta mawe. Ukuta ulipoporomoka alikuwa ametoka juu dakika chache kufuata magogo ya kuegemezea kuta.

Matangani, Donatus alisimama na kuimba kwa Kisukuma wimbo alioutunga usiku uliotangulia. Aliwataja wote sita, kila mmoja kwa kijiji alichotoka na kitu alichokipenda. Marcelino wa Songwa, apendaye uji wa ulezi. Nestory wa Ushirombo, aliyeahidi kumnunulia mkewe redio.

Kesho yake aliitwa na mwenye duara. Hakupigwa wala hakutukanwa. Aliambiwa kwa upole kwamba akiuimba tena wimbo ule hatapata kazi katika duara lolote kuanzia Masumbwe hadi Geita mjini.

"Nilikuwa na watoto watano," anasema Mzee Donatus. Anazungumza kwa vipande, akisubiri pumzi. "Nikanyamaza. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na padri nimemwambia."

Alinyamaza miaka kumi na minne. Kisha vumbi la mawe alilolivuta tangu ujana likamaliza mapafu yake, akashindwa kazi, na sauti ikaondoka kidogo kidogo hadi ikabaki kama ilivyo leo. Siku aliporudi kutoka hospitali alipita kwenye kibanda cha Paskalina sokoni, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Mayu," alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma, ingawa kiumri ni mwanawe. "Ule wimbo ninao wote. Waliniogopesha kwa kazi. Sasa wataninyima kazi gani?"

Wiki iliyofuata Paskalina alifunga kibanda, akampeleka mzee kwenye studio moja mjini Kahama. Mwenye studio, kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya chumba, alimweka mzee mbele ya maiki, akasikiliza nusu dakika, akazima.

"Mama, huyu hana sauti," alisema. "Andika maneno uniletee. Nina msichana anaimba vizuri, nitakupangia na mdundo."

"Sitaki msichana," Paskalina alimjibu. "Nataka yeye. Yeye ndiye alikuwepo."

"Basi haiwezekani."

Anasema maneno hayo mawili ya mwisho yalimkaa kifuani njia nzima ya kurudi. "Nikajiambia, yule ana mashine, mimi sina. Tofauti yetu ndiyo hiyo tu. Haiwezekani ni kwa aliyekataa."

Kwa ushonaji alikuwa akipata kati ya Sh8,000 na Sh10,000 kwa siku, na ana mabinti wawili anaowalea peke yake tangu mumewe alipohamia machimbo mengine na kuoa huko. Alianza kwa kununua maiki na kisanduku kipya cha plastiki, kile cha bei ndogo kuliko vyote dukani. Kompyuta aliazimwa na shule moja ya msingi aliyoishonea sare, kisha ikamuuzia.

Kisanduku cha plastiki kilirekodi sauti yake mwenyewe bila shida. Alipomweka Mzee Donatus, ilibidi azungushe kitufe hadi mwisho, na hapo ikaja sauti nyingine: mchuruziko mzito, kama mvua kwenye bati. Maneno ya mzee yalizama humo.

Alikibeba hadi kwa Athanas, fundi redio wa sokoni, mtu wa maneno machache anayefanya kazi akiwa amesimama kwa sababu ya mgongo. Athanas alikifungua, akakitazama kwa tochi, akakifunga.

"Hakijaharibika, Mama Vumilia," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa. "Ndivyo kilivyotengenezwa. Kwa mtu anayepaza sauti kinatosha. Kwa mzee wako unataka priampu ya kweli, zile nzito. Mpya huziwezi, hata mimi siziwezi. Tafuta ya mtumba."

"Nitaijuaje nzuri?"

"Utajifunza. Kitambaa kibovu ulikijuaje?"

Ya kwanza ya mtumba alinunua kwa simu kutoka kwa muuzaji wa Mwanza, kwa picha tu. Ilifika ikiwa imefungwa kwenye gunia la dagaa na bado inanuka. Ilikuwa inang'aa. Aliichomeka ukutani saa tisa alasiri. Taa ikawaka kwa ukali, ukasikika mlio mdogo, na moshi mweupe ukatoka kwenye matundu ya juu.

Nyuma ya mashine, kwa maandishi madogo, ilikuwa imeandikwa volti 110. Ilitengenezwa kwa umeme wa nchi nyingine, nusu ya huu wa kwetu. Muuzaji hakupokea simu tena.

"Sikulia," anasema Paskalina. "Nilifungua dirisha moshi utoke, nikaenda kumalizia gauni la mteja. Ila lile gauni nililishona vibaya, ikabidi nilifumue."

Majirani walipata la kusema. Mmoja alimshauri arudi kwenye uzi na sindano. Mwingine alisema mzee anamloga. Yeye aliichukua ile mashine iliyoungua, akaipeleka kwa Athanas, akamwambia amfundishe kila kilichomo ndani. Kwa miezi mitatu, kila jioni baada ya kufunga kibanda, alikaa saa moja mbele ya meza ya Athanas na chuma cha kulehemu mkononi. Alijifunza jinsi kapasita, kile kikopo kidogo cha kutunza chaji ya umeme, inavyovimba kichwani ikikauka. Alijifunza kutofautisha mkwaruzo wa vumbi kwenye kitufe, ambao husafishwa ukaisha, na mvumo usiokoma, ambao ni ugonjwa wa ndani.

Kisha akasikia kwamba studio ya kanisa moja mkoani Shinyanga imefungwa na vifaa vyake vimeuzwa kwa mfanyabiashara wa vitu vya mtumba anayeitwa Paschal, mwenye duka si mbali na stesheni ya reli. Aliuza cherehani yake ya pili, ile ya kudarizi. Akapanda basi na begi lenye maiki, waya, hedifoni na bisibisi.

Duka la Paschal limejaa redio, pasi na televisheni za kichogo hadi darini. Mwenyewe ni mtu mzima wa miaka sitini na ushei. Paskalina alimwamkia, akaitikiwa, akaeleza shida yake.

"Aliyekutuma ni nani?" Paschal aliuliza. "Anajua anachotaka?"

"Nimejituma, baba."

Mzee wa duka alimtazama, akaingia nyuma, akarudi na kisanduku cha kijivu. Akakifuta kwa kiganja. "Laki nne na themanini. Ikitoka hapa hairudi."

"Haijatoka bado. Kwanza niione mgongo."

Aliigeuza. Volti 230. Akaomba umeme. Paschal akasema dukani kwake vitu havijaribiwi, wateja wanaharibu kisha wanakimbia. Paskalina akatoa maiki yake, waya wake na hedifoni zake, akazipanga juu ya kaunta moja moja.

"Baba, nimeuza cherehani kuja hapa," alisema. "Usiponipa soketi, nitakaa kwenye hiyo ngazi yako mpaka jioni, na kila anayeingia nitamwambia mashine zako hazijaribiwi."

Paschal alicheka kwa pua, akamwonyesha soketi.

Mashine ilikuwa na njia mbili, kila moja na tundu lake la maiki. Kwenye njia ya kwanza kitufe kilikwaruza alipokizungusha, vumbi. Alipandisha nguvu hadi robo tatu bila kusema chochote. Kimya. Hakuna mvua kwenye bati. Akainama karibu na maiki na kunong'ona jina la kaka yake, kwa sauti ambayo hata Paschal aliyesimama mbele yake hakuisikia. Kwenye hedifoni lilikuja zima, hata mlio mdogo wa ulimi kwenye meno.

"Nilisikia mwili unasisimka," anasema. "Lakini nilikuwa dukani, uso nikaukaza."

Njia ya pili ilikuwa imekufa. Maiki yake hulishwa umeme mdogo na priampu yenyewe, na upande ule hakuna umeme uliotoka. Alimwonyesha Paschal, naye akasema alikuwa hajui. Wakavutana nusu saa. Alitoka na mashine kwa Sh310,000, na Paschal akamwongezea bure kopo la dawa ya kusafishia vitufe.

"Yule mama alinikagua kama anakagua ng'ombe mnadani," anakumbuka Paschal kwa simu. "Vijana wenye studio wanakuja hapa wanauliza rangi. Yeye aliuliza kapasita zimebadilishwa lini."

Kununua ilikuwa nusu ya kazi. Nyumba ya Paskalina iko mita themanini kutoka kwenye karasha. Aliagiza pamba ghafi kwa wazazi wake Songwa, akaishindilia kwenye viroba na kuvipigilia ukutani kuanzia chini hadi juu. Panya wakaja kufuata mbegu za pamba, ikabidi afuge paka. Karasha bado zilisikika. Hapo ndipo alipoanza kuvizia umeme ukatike, maana ukikatika karasha nyingi za mtaani kwake hunyamaza pamoja, na yeye akabaki na betri ya gari na kimya.

Betri nayo, pamoja na inveta ya kupandisha umeme wake hadi volti 230, ilileta mvumo wake. Athanas alichimbia nondo ya mita moja na nusu nje ya dirisha, akaiunganisha kwa waya na mgongo wa priampu, akamwagiza aimwagilie maji ya chumvi. Majirani walipomwona kila asubuhi anamwagilia chuma, wakasema sasa ni uganga. Mvumo ukaisha.

Wimbo wa Mzee Donatus ulirekodiwa kwa umeme kukatika mara tisa, ndani ya wiki tano. Hakuweza kuimba zaidi ya mistari miwili bila kupumzika. Paskalina alirekodi mstari, akasubiri, akarekodi mwingine, kisha akaiunga. Pumzi za mzee hakuzikata.

"Aliniuliza kama atazitoa zile pumzi," anasema Mzee Donatus. "Nikamwambia ziache. Wasikie lile shimo limenifanya nini."

Siku ya mstari wa Marcelino, Paskalina aliomba Athanas ashike vitufe, yeye akakaa tu kwenye kiti. Mzee alipofika kwenye uji wa ulezi, Paskalina alitoka nje.

Habari hazikukaa. Kabla wimbo haujakamilika, mtu alifika kibandani akiwa amevaa vizuri, akaamkia kwa adabu zote, akaweka bahasha juu ya cherehani. Alisema anatoka kwa mwenye duara, ambaye siku hizi ana karasha kadhaa na ni mfadhili wa mambo mengi ya maendeleo. Alisema wimbo ni mzuri, urithi wa wachimbaji, na mwenye duara angependa kuugharamia. Ila majina yawe manne, kama yalivyo kwenye orodha.

"Umeusikia?" Paskalina alimuuliza.

"Bado, Mama Vumilia."

"Basi hujui ni mzuri. Chukua bahasha yako, kuna mteja anataka kupima."

Mtu yule alimkumbusha kwamba ana mabinti, na kwamba mji ni mdogo. Paskalina alisimama, akaichukua bahasha mwenyewe, akaitia mfukoni mwa koti la mgeni.

"Nikamwambia, mfuko huu umeshonwa vibaya, utapoteza hela za watu. Lete koti nikurekebishie, nitakufanyia bure. Akaondoka."

Alilipa gharama ya maneno hayo. Mwezi uleule, kwaya aliyoiimbia miaka kumi na moja ilimwondolea kazi ya kushona sare arobaini, na hakuna aliyemweleza sababu. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani kama kawaida, akasimama safu yake ya mbele, sauti ya kwanza, akaimba misa nzima. Ameendelea hivyo hadi leo.

"Sare walininyima," anasema. "Safu ile hawakunipa wao."

Redio mbili za mkoani zilipokea wimbo na hazikuupiga. Kwa hiyo siku ya mnada, pale ng'ombe, nguo na sufuria zinapokutanishwa uwanja mmoja, Paskalina alifunga spika kwenye toroli, akaiweka kati ya wauza viatu na wauza kamba, akawasha. Aliyekwenda naye ni Jenifa, mjane wa yule Nestory wa Ushirombo, mwanamke ambaye kwa miaka kumi na mitano alikuwa akiambiwa kwamba mumewe alimtoroka.

Jenifa (41) anauza mkaa. Alikuwa hajausikia wimbo ule tangu matanga, ambako hata hivyo hakuruhusiwa kukaa na wafiwa.

"Sauti ilitoka mle kwenye spika kama mtu anakuambia siri," anasimulia. "Watu wakaanza kusogea ili wasikie. Wakanyamazishana. Ilipofika kwa Nestory na redio yake, nikasema kwa sauti, huyo ni mume wangu, na hakukimbia. Nilikuwa sijawahi kulisema hilo mbele ya watu."

Walipiga wimbo mara saba siku ile. Mara ya sita, mwanamume mmoja aliyekuwa akinunua kamba alibaki amesimama na kamba mkononi hadi mwisho. Aliitwa Eliya. Wakati wa ajali yeye ndiye alikuwa mvuta kamba, aliyewateremsha wachimbaji chini kila asubuhi na kuwapandisha jioni.

Alimfuata Paskalina, akaamkia, na machozi yakiwa yanamshuka akasema, "Dada, mimi nilihesabu kamba. Niliwateremsha saba. Aliyepanda ni Donatus peke yake."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa. Kisha nikaona aibu, maana nilichelewa. Kila mwaka aibu inaongezeka."

Paskalina anakiri kwamba alitaka kumpiga. Badala yake alimshika mkono, na Jumatatu saa mbili asubuhi wakaenda naye ofisi ya kijiji, yeye, Jenifa na Mzee Donatus aliyebebwa kwa pikipiki. Eliya aliandika maelezo yake kurasa tatu, akasaini, yakagongwa mhuri. Mtendaji aliyapokea na kuwaambia kwamba kubadili orodha ya zamani si mamlaka yake, atayapeleka wilayani. Wimbo nao aliuomba, akaupokea kwenye simu yake.

Hiyo ni miezi minane iliyopita. Orodha bado ina majina manne.

Familia hazikusubiri. Zilichangishana saruji, zikamimina bamba, na Jenifa akachora majina sita kwa msumari kabla halijakauka. Walilipeleka kilimani kwenye shimo lililofukiwa, ambapo sasa pameota nyasi na mbuzi wanachungwa, wakalisimamisha. Katekista akaongoza sala. Mzee Donatus hakuweza kuimba kilimani, pumzi ilikuwa imekwisha njiani; wakampigia sauti yake mwenyewe kwenye spika, naye akakaa kwenye jiwe akifuata kwa midomo.

Wiki moja baadaye bamba halikuwepo. Hakuna aliyeona aliyelichukua.

Walitengeneza jingine. Safari hii walilimwagia palepale, juu ya nondo nne walizozizamisha ardhini kwa nyundo, mchana, watu wakipita. Paskalina alichora majina mwenyewe, la kaka yake likiwa la kwanza. Bamba hilo lipo hadi leo. Pembeni kuna alama za sururu za mtu aliyejaribu kuling'oa akachoka.

Tangu siku ile ya mnada, wateja wameanza kubisha hodi nyumbani kwa Paskalina. Wanakuja vikundi vya ngoma, wanakuja wazee wanaotaka kuacha wosia kwa sauti. Amekuja hata yule mwenye studio wa Kahama, akitaka kujua mzee alirekodiwa kwa mashine gani. Alionyeshwa. Aliuliza bei, akasema haamini. Kwa mwezi mzuri kurekodi kunampa Paskalina takriban Sh180,000, juu ya ushonaji ambao hajauacha. Njia ya pili ya priampu aliitengeneza mwenyewe mwezi Januari. Kasoro ilikuwa waya mmoja uliokatika, mfupi kama kucha.

Kwaya nayo ilituma ujumbe mwaka huu, ikiuliza kama anaweza kuwarekodia nyimbo za Pasaka. Aliwajibu kwamba bei ni ileile wanayolipa wengine. Walikubali.

Mzee Donatus anakuja kila anapopata nguvu. Anasema kabla ya duara lile kulikuwa na mengine, na katika kila moja alilofanyia kazi kulikuwa na watu walioshuka wasiandikwe. Anawakumbuka ishirini na watatu, kwa majina na vijiji. Nyimbo anazorekodi sasa ni zao. Hadi wiki iliyopita alikuwa amefikia wa kumi na nne. Daktari amemkataza kuimba.

"Amenikataza kuimba, sikumwuliza kuhusu kunong'ona," anasema, na mkewe, Mariana, aliyekaa pembeni na kopo la maji, anatikisa kichwa.

Mpango wa Paskalina kwa mwaka huu ni kununua priampu nyingine ya mtumba, ndogo, inayotumia betri na inayobebeka begani. Paschal amemwahidi kumwekea ikipatikana. Anataka kwanza kwenda nayo Nkome, ziwani, kuwarekodi wanawake wanaoanika dagaa, ambao ameambiwa wana nyimbo za waume waliopotea majini. Kisha atazunguka machimbo ya mkoa wa Geita, duara hadi duara, pamoja na Jenifa, ambaye amekwisha kumfundisha kushika vitufe.

Alipoulizwa kama haogopi, akizingatia bahasha, sare na alama za sururu, alikata uzi kwa meno, akalikung'uta shati alilokuwa akishona na kulikunja.

"Yule mwenye duara ana masikio mengi hapa mjini, hata haya mazungumzo yatamfikia," anasema. "Akiambiwa naongeza mashine ya pili, asibishe. Na mwambieni ni ya kutembea nayo."